Huyo Dada Hakuja Kuwa Chester

Kuna mabishano ambayo hapa Kenya tushakubali hayataisha. Gor na Leopards ni moja. Ugali ya unga mweupe na ya kusagiwa posho mili ni lingine. Na kwa sisi wachache tunaosikiza roki, tangu Septemba 2024 tuna letu: hizi shoo mpya za Linkin Park ni shoo za Linkin Park kweli, ama ni watu wanaimba nyimbo za marehemu mbele ya uwanja uliojaa?

Mmeniuliza sana maoni yangu na nimekuwa nikikwepa. Leo sikwepi. Msimamo wangu nauweka hapa juu ndio usisome mpaka chini ukingoja mshindi: naona shoo hizi ni halali, zingine ni moto kabisa, na bado naona wanaokataa kuziangalia wana sababu nzuri kuliko vile wao wenyewe wanajua kuieleza. Wengi wao wanasema tu "huyo dada hajui kuimba", na hapo ndipo wanapotea, kwa sababu anajua.

Kama wewe ni mtu wa gengetone na umejipata hapa kwa bahati, karibu, nakueleza haraka. Linkin Park ni bendi ya California iliyotoa albamu ya Hybrid Theory mwaka wa 2000 na kuuza mamilioni ya nakala dunia nzima. Walichanganya roki nzito na kurap. Wa kurap alikuwa Mike Shinoda, na mwenye ile sauti iliyokuwa inaanza pole pole kisha inapasuka alikuwa Chester Bennington. Tarehe 20 Julai 2017 Chester alijitoa uhai akiwa na miaka 41. Bendi ikanyamaza miaka saba. Septemba 5, 2024, ikarudi kwa onyesho la moja kwa moja kwenye intaneti ikiwa na mwimbaji mpya, Emily Armstrong, aliyekuwa wa bendi ya Dead Sara, na mpiga ngoma mpya, Colin Brittain. Huku kwetu ilikuwa usiku wa manane. Siku sita baadaye wakaanza ziara Los Angeles, na Novemba 15 wakatoa albamu mpya, From Zero. Tangu usiku huo mashabiki hawajaelewana.

Kwetu Umoja, roki ililetwa na kaka yangu. Yeye ni wa 1991, mimi ni wa 2001, kwa hivyo kila ngoma niliyosikiza mpaka nikafika darasa la sita ilitoka kwake: kompyuta moja ya mitumba, nyimbo alizobeba kwa flashi kutoka saiba, na redio ikiwa X FM, ile stesheni ya Nairobi iliyokuwa inapiga roki mchana kutwa na ambayo siku hizi haipo. Wasee wa ploti walikuwa wanamwita mwabudu shetani kwa utani. Mama Njeri wa chini alikuwa anamwita hivyo bila utani.

Baba alifariki 2008. Kaka alikuwa kidato cha tatu. Mimi nilikuwa na miaka saba, na ninachokumbuka ni viti vya kukodisha, watu wengi kwa nyumba na chai isiyoisha. Yeye anakumbuka kitu kingine. Anakumbuka kwamba wageni walipoisha na nyumba ikabaki na sisi watatu, kila mtu mzima aliyekutana naye alimwambia sasa wewe ndiye mwanaume wa hapa, jikaze. Hakuna aliyemuuliza anaendeleaje. Alikuwa akitoka shule ya bweni wakati wa likizo, anaingia chumbani, anaweka Meteora, na pale ndani kulikuwa na mtu mzima, mwanaume, anapiga kelele kwamba hayuko sawa.

Chester hakuwa anaigiza. Alisema waziwazi, kwa mahojiano mengi, kwamba alidhulumiwa kingono akiwa mtoto, na kwamba alipambana na mihadarati na pombe miaka na miaka. Watu walijua. Ukimsikia akiimba ulijua inatoka wapi.

Kwa hivyo tulipoanza kubishana hii mambo ya Emily, nikamtupia kaka hoja zangu zote nzuri, yeye akanijibu kwa sentensi mbili ambazo sijaweza kuzitoa kichwani. "Wewe ulikuwa unasikiza ngoma. Mimi nilikuwa nasikiza mtu."

Nafikiri hapo ndipo ubishi wote ulipo. Anayesikiza ngoma anaenda konsati kuimba. Anayesikiza mtu anaenda kuonana na mtu, na huyo mtu akikosa, hata ukijaza jukwaa na taa za mabilioni, kwake pale ni patupu. Hawa wawili wanaweza kukaa viti viwili vinavyogusana, waangalie shoo moja, na kila mmoja arudi nyumbani akisema ukweli.

Hebu niwape kambi ya kaka haki yao, maana mtandaoni wanachorwa kama wazee wanaochukia mabadiliko. Wanasema bendi ilikuwa na watu sita. Leo kwa jukwaa, wa zamani ni watatu: Mike, Phoenix wa besi na Joe Hahn wa turuntebo. Rob Bourdon wa ngoma aliondoka. Brad Delson wa gitaa bado ni wa bendi lakini hasafiri nao, laivu anashikiliwa nafasi na Alex Feder. Nusu ya watu, na jina lilelile, na bei ya tiketi ya jina lilelile. Wanauliza kwa nini wasingejiita jina lingine. Queen wanapozunguka na Adam Lambert, kwenye bango wanaandika Queen + Adam Lambert. Kile kialama cha kujumlisha kinasema kitu, kinamwachia Freddie Mercury kiti chake. Linkin Park hawakuweka alama yoyote. Hiyo hoja ina uzito na sijawahi kupata jibu lake linaloniridhisha.

Na wana kitu kingine. Oktoba 27, 2017, miezi mitatu baada ya msiba, bendi ilifanya konsati ya kumkumbuka Chester pale Hollywood Bowl, Los Angeles, na wasanii wengi wakaja kusaidia kuimba. Lakini walipofika kwa "Numb" hawakumpa mtu yeyote. Waliweka stendi ya maiki katikati ya jukwaa, wakaimulika, wakapiga vyombo, na umati ukaimba wimbo wote. Video iko, itafute. Kaka anaiangalia kila Julai. Kwake ile ndiyo ilikuwa shoo ya mwisho na namna sahihi ya kufunga: kiti kinaachwa wazi na watu wanaimba. Kila kilichofuata ni kama kurudi matangani kuulizia deni.

Mimi nikiangalia video hiyohiyo naona kitu tofauti kabisa. Naona kwamba hata usiku ule wimbo haukunyamaza. Chester hakuwepo na "Numb" iliimbwa mwanzo mpaka mwisho na watu elfu kadhaa ambao hakuna hata mmoja aliyefikia noti zake. Hakuna aliyesema ni karaoke.

Sasa njoo kwa ushahidi ambao Wakenya wengi wanautumia kuhukumu, maana hapa lazima tusemezane ukweli. Asilimia kubwa ya wanaotoa hukumu hapa kwetu wameona Linkin Park mpya laivu mara moja tu, na ilikuwa kwa sababu ya mpira. Mei 31, 2025, fainali ya Champions League, Munich. Ile jioni PSG walimkung'uta Inter tano bila. Kabla ya mechi waliotumbuiza ni Linkin Park.

Nilikuwa kwa ukumbi wa mtaani wa kuonyesha mpira, hamsini mlangoni, viti vya plastiki, harufu ya mahindi ya kuchoma. Karibu kila mtu alikuwa amekuja kuona Dembélé. Dakika chache za muziki zikaanza na mzee mmoja mbele yangu akasema, "Kwani huyu msichana anapigana na nani?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha ikaja sehemu ya wimbo wanaoujua, na nikasikia nyuma yangu watu kama sita, watu wazima, mmoja bado na jaketi ya bodaboda, wakiimba maneno. Si kwa nguvu. Kwa ile sauti ya mtu ambaye hakujua bado anakumbuka.

Kesho yake mtandaoni ikawa vita. Wa kwanza: ameharibu. Wa pili: ameokoa. Lakini fikiria hiyo ni shoo ya aina gani. Nyimbo zimekatwakatwa ziingie kwa dakika chache, mashabiki wa timu mbili wana wasiwasi wao, nyasi haziruhusiwi kuharibika, sauti ya TV inachanganywa na mtu asiyejali roki, na sisi tunasikiza kupitia spika iliyonunuliwa kwa ajili ya kelele za mtangazaji. Ukihukumu bendi kwa hiyo ni kama kuhukumu mpishi kwa sambusa aliyokugawia kwa mkutano wa chama.

Klipu za simu ni mbaya zaidi. Mtu anarekodi akiwa ameinua mkono, anaruka, maiki ya simu inameza besi inatapika fununu. Sauti unayoisikia sana ni ya mwenye simu mwenyewe. Halafu msee wa Rongai anaandika "flati kabisa" kwa ujasiri wa jaji wa Mahakama ya Juu.

Kwa hivyo nilimtafuta mtu aliyekuwepo. Nina rafiki tuliyesoma naye sekondari, sasa anasomea Ujerumani, na Julai 2025 alienda kuwaona Düsseldorf. Alinitumia sauti ya WhatsApp ya dakika kumi na moja, na nyingi ya hizo analalamika kuhusu treni. Lakini alisema mambo mawili niliyoandika.

La kwanza, kwamba sauti ya Emily pale uwanjani si ile ya kwenye klipu. Ina mchanga. Ina kitu cha kukwaruza hata akiimba taratibu, na akipandisha haipati ule weupe wa Chester, inakuwa nzito zaidi. Alisema kwenye nyimbo za From Zero hakuna hata mtu mmoja karibu naye aliyekuwa analinganisha, kwa sababu hakuna cha kulinganisha nacho. Kwa "Heavy Is the Crown" akaachilia lile yowe refu na uwanja ukalijibu kama goli.

La pili ni kuhusu jirani yake. Kulikuwa na mwanaume wa makamo kulia kwake, fulana ya zamani yenye picha ya Chester, mikono amekunja kifuani. Nyimbo za mwanzo hakuimba hata neno. Rafiki yangu akamweka kwa kambi ya kaka na akaanza kumchunga, si unajua vile tunapenda kuchunga watu. Ilipofika "In the End" watu wote wakaimba, na huyo baba akaimba, macho kwa skrini lakini haangalii kitu. Ikaisha, akakunja mikono tena. Nyimbo mpya ikaja, kimya. Rafiki yangu anasema mpaka leo hajui yule mtu alifurahia ama alivumilia. Alilipa, alikuja, alikaa mpaka mwisho. Mnataka tumhesabu upande gani?

Wacha niguse hii biashara ya kupima kwa saa, maana imeniudhi. Kuna wimbo unaitwa "Given Up", wa albamu ya 2007, ambapo Chester anapiga yowe la sekunde 17 bila kupumua. Ni sehemu maarufu sana. Sasa Emily akiufanya laivu kuna watu wazima wanatoa klipu, wanaweka saa, wanahesabu. Leo amefika, jana alikata mapema, Bogotá alifika, mahali fulani alivuta pumzi. Wengine wanatengeneza majedwali. Na nauliza, mlipima Chester? Maana rekodi za shoo za zamani ziko, na ukizisikiza bila machozi utamsikia akiacha umati umalizie mistari, akipunguza pale koo imechoka, akigeuza noti ya juu iwe ya chini kwa sababu ni shoo ya nne wiki hiyo. Hakuna ubaya. Koo ni nyama. Mtu akipiga mayowe usiku kwa usiku kwa miezi, kuna siku itakuja nusu.

Lakini Chester wa kwenye kumbukumbu hachoki. Huyo anaimba kila usiku kama albamu. Kushindana na yeye, hata Chester mwenyewe angeshindwa.

Na hao mashabiki wanaosema zamani tulikuwa kitu kimoja, zamani gani? Mimi nilikuwa mdogo lakini intaneti inakumbuka. Mwaka wa 2010 walipotoa A Thousand Suns, wenye gitaa waligoma, wakasema bendi imekufa. Mei 2017 walipotoa One More Light, albamu nyororo, watu waliwatukana wakasema wamekuwa wa pop. Mwezi uliofuata walipopanda jukwaa la Hellfest, Ufaransa, tamasha la watu wa roki nzito, sehemu ya watazamaji waliwazomea. Chester akiwa pale, anaimba. Mwezi mmoja baadaye hakuwepo tena. Kila mtu aliyewahi kuandika kwamba wamejiuza alirudi kufuta. Kaka hakuwa mmoja wao, namtetea. Ila alikiri kwangu kwamba ile albamu hakuimaliza mpaka Agosti.

Usiku wa habari yenyewe nilikuwa na miaka kumi na sita. Ilitufika usiku, watu wa Nairobi wakiwa wanalala. Kaka alitoka nje akakaa kwa ngazi za ploti na hakuwasha taa. Nikamfuata, nikakaa ngazi moja chini yake, na hatukusema kitu. Baada ya muda aliniambia niende nilale, kesho ni shule. Mama alichungulia, akauliza ni nani amekufa. Akajibu, "Rafiki." Mama akasema pole, akarudi ndani, na asubuhi alimpakulia uji mwingi kuliko wa sisi wengine.

Sasa, kitu ambacho kaka hapendi nikikitaja. Chester mwenyewe alikuja kama mgeni. Kabla yake bendi iliitwa Xero na mwimbaji alikuwa Mark Wakefield. Chester alikuwa jamaa wa Phoenix, Arizona, ambaye mwaka wa 1999 alitumiwa nyimbo ajaribu kuimba juu yake, na akarekodi siku ya kuzaliwa kwake ya 23 badala ya kukaa kwa sherehe yake mwenyewe. Aliimba maneno yaliyoandikwa kabla hajafika. Hata jina From Zero linarudi huko, kwa Xero. Ni kweli Wakefield hakuwa ameimba mbele ya dunia nzima, na hakuwa amekufa, kwa hivyo siwezi kusema mambo haya mawili yako sawa. Lakini wazo la kwamba bendi hii ilizaliwa na sauti moja na haiwezi kubeba nyingine, historia yao wenyewe inalikataa.

Kuna kundi la tatu na siwezi kuliruka. Hawa shida yao haina uhusiano na noti. Emily alihudhuria kikao cha awali cha mahakama upande wa mwigizaji Danny Masterson, ambaye mwaka wa 2023 alipatikana na hatia ya ubakaji. Siku moja baada ya bendi kumtangaza, Emily alitoa taarifa akisema alienda kwa kuombwa, kwa mtu aliyemchukulia kuwa rafiki, kwamba hakupaswa kwenda, na kwamba hajazungumza naye tangu wakati huo. Kuna mashabiki, wengi wao wanawake, walioisoma na wakasema haiwatoshi, hasa kwa nyimbo za mtu aliyedhulumiwa akiwa mtoto. Wengine waliikubali wakaendelea. Mimi niliikubali. Lakini dada aliyeniandikia kwamba yeye hawezi kusimama kwa umati akaimba na Emily kwa sababu ya yaliyompata yeye mwenyewe, sitamtumia klipu za sekunde 17. Nilimjibu nimekusikia, na tukaishia hapo.

Ninachokipenda mimi ni kidogo na ni cha binafsi. Miaka yote nimeimba hizi ngoma kwa sauti isiyo yangu. Msichana akipenda roki huku, kwanza anaulizwa ataje nyimbo tano athibitishe. Nikiimba Chester nilikuwa nashusha koo niwe kama mvulana, ama napandisha mpaka nacheka. Ile Septemba, nikiwa chini ya blanketi na bando inayoisha, Mike akaanza "The Emptiness Machine" peke yake, ubeti wa kwanza, kiitikio, nikadhani labda ndiyo hivyo, ataimba zote mwenyewe. Ubeti wa pili ukaja na sauti ya mwanamke. Nilikaa wima. Wimbo uliofuata wa zamani niliimba naye, na kwa mara ya kwanza sikugeuza chochote kooni. Niliimba vile ninavyoongea.

Na sisemi kila kitu ni kitamu. "Crawling" yake mimi bado inanipita. Anaiimba vizuri, iko safi, lakini wimbo ule ulikuwa wa mtu anayejishika asianguke, na Emily anausimamia kwa miguu miwili. "Breaking the Habit" pia naona anaukimbiza. Kwa upande mwingine "Lost", ule uliokaa kabatini tangu enzi za Meteora ukatoka 2023 na sauti ya Chester, nilidhani hapaswi kuugusa kamwe, kisha nikasikia toleo lao la laivu, taratibu, na ikabidi nizime taa. Kwa hivyo hata ndani yangu mimi kuna kambi mbili. Siku ya Jumatatu niko ya Emily, Alhamisi naweka Live in Texas ya 2003 nasahau yupo.

Kaka hajabadilika. Nimejaribu. Krismasi iliyopita nilimwekea shoo nzima kwa TV ya Mama, akaangalia nyimbo nne akiwa amesimama mlangoni na sahani ya pilau, akasema Colin anapiga ngoma vizuri, akaenda kukaa nje na wajomba. Sijamshika kwa nguvu tena. Mwanawe wa miaka minane ndiye aliyebaki kwa kochi na mimi mpaka mwisho, na sasa anajua yowe moja ambalo shule yake imeshaandika barua kulihusu.

Juzi nilimuuliza kaka, ikitokea, kwa miujiza, waje Kasarani, utaenda? Akafikiria sana, zaidi ya vile nilitarajia.

"Nitaenda nisimame nyuma kabisa," akasema. "Na ukiniona naimba, usinirekodi."